Mfumo ulionunuliwa kwa dola umelala, kaunta buku inafanya kazi. Kwa nini kampuni zetu zinashindwa kuhamia dijitali?

Mtu_wa_Yadi

Wakuu, salaam. Niko mpakani Malaba, upande wa Uganda, mhasibu wa kampuni ya malori. Jina la kampuni mniachie, bado nala mshahara wao. Tuna magari arobaini na kitu, tunabeba kutoka Mombasa kuja Kampala, mengine yanapitiliza hadi Juba.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita nilipelekwa semina nyingine mjini, hoteli nzuri, kuku na chai ya maziwa, na kwa mara ya nne maishani mwangu nikaonyeshwa picha ya Kodak, ile kampuni ya filamu za kamera. Kwamba mhandisi wao alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, wakubwa wakaipuuza, Januari 2012 wakaenda mahakamani kutangaza kufilisika. Sawa, tumesikia. Lakini mimi sijawahi kuona kampuni hapa kwetu iliyokwama kwa sababu iliipuuza dijitali. Zote nilizoziona zilinunua. Zililipa dola, zikakata utepe, zikapiga picha na fulana zinazofanana. Baada ya mwaka zikarudi kwenye kaunta buku.

Sasa niwape ya kwetu. Januari 2022 Hajji, mwenye kampuni, alinunua mfumo kamili: traka kwenye kila gari, sensa ndani ya tangi la mafuta, tableti mbili getini, na skrini kubwa ukutani. Gari likitembea linakuwa kijani. Likisimama bila sababu linakuwa jekundu na simu ya meneja inalia. Mnakumbuka Malaba ya Januari 2022? Madereva kupimwa korona mpakani kwa dola 30 kila mmoja, madereva wakagoma, foleni ikarudi nyuma ndani ya Kenya makumi ya kilomita. Wiki ya kwanza ya mfumo wetu skrini nzima ilikuwa nyekundu kama soko la nyanya. Simu ya meneja ililia mpaka akaizima sauti. Sidhani aliwahi kuiwasha tena.

Wakati huo getini kulikuwa na karani wetu wa yadi, mzee wa miaka sitini na ushee. Ana kaunta buku yenye jalada jeusi, mgongo umeshikwa na selotepu, biro imefungwa kwa uzi wa katani ili watu wasiondoke nayo. Foleni ile yote, yeye kwa simu yake ya tochi alijua kila gari liko wapi, dereva gani ameishiwa hela ya chakula, na tanboi gani ametoroka kurudi kwao.

Ikapita miezi minne, kila kitu kikawa kinaandikwa mara mbili. Mlinzi anaingiza kwenye tableti, mzee anaandika kitabuni. Jioni vikipishana, tunafuata kitabu. Mimi nilikuwa nachukua namba za kitabu naziingiza kwenye mfumo ili vifanane. Yaani tulikuwa tunalipa dola kila mwezi ili mimi ninakili kaunta buku.

Nina jibu langu, lakini nataka kusikia ya kwenu kwanza. Na msinipe ile ya "wazee hawapendi mabadiliko". Mzee huyu huyu yuko kwenye MoMo, hela za simu, tangu ilipoingia 2009, karo za wajukuu anatuma mwenyewe bila kumpa mtu simu.

Kijana_wa_Ntinda

Kaka mkubwa, mimi niko upande wa wale wanaowauzia hiyo mifumo, kwa hiyo mnipige polepole. Naandika programu hapa Ntinda, Kampala, na nitakiri jambo: nimewahi kufunga mfumo wa stoo kwa kampuni moja bila kukanyaga stoo yenyewe. Mkataba ulisema siku tano za kujifunza kazi za mteja. Siku tatu meneja alikuwa safarini. Siku ya nne tukakaa ofisini saa mbili, akanichorea kampuni jinsi anavyodhani inaendeshwa. Nikajenga ile ya kwenye mchoro. Nilipokuja kuingia stoo, nikakuta mizigo ya wateja wawili imelundikwa rafu moja, na mfumo wangu unakataa kabisa kitu hicho. Nikamuuliza kijana wa stoo kwa nini wanachanganya. Akaniangalia kwa huruma, akanyoosha kidole juu. Paa la upande wa pili linavuja. Sikuwa nimeweka sehemu ya kuandika kwamba paa linavuja.

Na tusidhani ni ushamba wetu wa Afrika. Lidl, wale Wajerumani wenye maduka Ulaya nzima, walihangaika miaka saba kuhamia SAP, programu ya kuendeshea kampuni, wakatumia takriban yuro milioni 500, mwaka 2018 wakautupa mradi wote. Moja ya miiba ilikuwa hii: Lidl wanahesabu mali yao ya stoo kwa bei ya kununulia, programu ile kwa kawaida yake inahesabu kwa bei ya kuuzia. Wao hawakutaka kubadili hesabu zao, wakaagiza programu ndiyo ibadilishwe. Ukianza kukata koti lililoshonewa mtu mwingine, kila unapokata pengine panavuta. Ukiniuliza mimi fundi nitasema kosa la Lidl. Ukimuuliza mhasibu wao, naye atakuwa na lake la kusema.

Mama_Kikuubo

Mwanangu wa Ntinda, asante kwa kukiri, wenzio huwa wanatulaumu sisi tu.

Mimi nauza vyombo vya plastiki Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala. Aprili 2024 tulipofunga maduka Kampala kwa ajili ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, nilisikia mtu redioni anasema wafanyabiashara wanaogopa teknolojia. Mimi duka nimelifunga, nimekaa nyumbani, huku napokea oda za beseni kwenye WhatsApp na hela zinaingia kwenye simu. Teknolojia gani hiyo ninayoiogopa?

Tatizo halikuwa kubonyeza. Kila ninachouza lazima kiwe kimeingizwa kwanza kwenye stoku, ndipo risiti itoke na URA waione papo hapo. Sasa mabeseni yangu mengine wakati ule nilikuwa nanunua kwa mtu ambaye mauzo yake hayakufika milioni 150 kwa mwaka. Hakuwa amesajiliwa VAT na sheria haikumlazimisha. Nikiuza, natoza asilimia 18 nzima, na upande wa manunuzi sina risiti ya kukata chochote. Mashine inaniona mimi, yule aliyeniuzia haimwoni. Halafu juu yake wakati ule kulikuwa na faini ya shilingi milioni 6. Ungekuwa wewe ungefungua duka?

Sasa chukua MoMo. Zamani hela ya kijijini ilikwenda kwa bahasha, unampa dereva wa basi, na yeye unampa chake, unalala unaomba Mungu. MoMo ilipokuja wakala wa kibandani akapata kamisheni, mama kijijini akapata hela siku hiyo hiyo, kampuni ya simu ikapata makato yake. Hakuna aliyeitwa semina. Julai 2018 serikali ikaleta kodi ya asilimia 1, watu wakaanza kukimbilia noti, mpaka Novemba ikashushwa ikawa nusu asilimia tena kwenye kutoa peke yake. Simu ni zile zile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni nani anapata na nani anakatwa.

Nikuulize wewe wa Malaba: huyo karani wenu, siku mnaleta hizo tableti, mlimwekea nini mezani?

Afande_Bombo

Nimehudumu stoo za jeshi miaka mingi, sasa nimestaafu. Nitasema kifupi. Anayekula gizani hachangii kununua taa. Mtafute anayekula, mengine yote ni hadithi.

Mtu_wa_Yadi

Mama, swali lako limenikaa. Hatukumwekea kitu. Tulimpa kofia yenye nembo ya mfumo.

Afande, heshima yako, umegusa penyewe lakini nusu. Dizeli ilikuwa inanyonywa, ndiyo. Hakuna yadi kwenye barabara hii ambayo haijui harufu yake. Ila ngoja nieleze ilivyokuwa inakwenda, kwa sababu hapa ndipo semina zote zinapita kwa mbio.

Dereva wetu anapewa mileji, hela ya njiani, na anajaziwa mafuta ya safari kwa makadirio. Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Akiendesha kwa akili, lita zinabaki, anaziuza. Hajji alikuwa anajua. Mimi nilikuwa najua. Mileji yenyewe ilikuwa haijapandishwa miaka, na kila dereva akilalamika jibu lilikuwa moja: "Wewe si unajua namna ya kujisaidia?" Maana yake lita zile zilikuwa sehemu ya mshahara, ila hazikuandikwa popote. Siku tulipofunga sensa kwenye matangi tulimpunguzia dereva mshahara bila barua na bila kikao, na tukamwita kwenye sherehe ya uzinduzi ale keki.

Miezi miwili baadaye sensa kumi na tatu zikawa zimekufa. Zote ziliingia maji. Kiangazi.

Lakini huo ni wizi wa chini, na wa chini ndio wepesi kuonekana. Sasa wa juu. Ndugu mmoja wa Hajji ndiye anayetuuzia matairi. Mfumo unataka kila tairi liwe na namba yake, tarehe ya kufungwa na gari lililofungwa. Fomu ya matairi ndiyo ya kwanza kuachwa, na aliyesema iachwe "kwa muda" hakuwa dereva.

Na jambo ambalo mimi nililiona kwa kuchelewa kabisa ni hili. Hajji anaamka kuswali alfajiri. Akimaliza, anapiga simu. Hampigii meneja, hafungui skrini ambayo iko mpaka kwenye simu yake. Anampigia mzee wa getini: "Gari ngapi zimetoka?" Mzee anafungua kitabu, anasoma. Kila siku, hata Idi. Sasa nyinyi mngekuwa wafanyakazi wa yadi ile, mngejaza kwa uangalifu kipi? Kile kinachosomwa na mwenye mali saa kumi na moja na nusu alfajiri, au kile kinachoonekana kwenye skrini ambayo chini yake tumeegesha chupa za maji? Hakuna aliyeugomea mfumo. Hapakuwa na mtu wa kuugomea, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa anauuliza kitu.

Kijana_wa_Ntinda

Hii ya simu ya alfajiri nitaiiba, kaka. Siku hizi nikienda kwa mteja mpya nitauliza kwanza: asubuhi bosi anampigia nani?

Mwalimu_Jinja

Wapendwa, niingie kidogo, nafundisha ufundi na historia ya mitambo ndiyo ugonjwa wangu.

Viwanda vya zamani vya Marekani na Ulaya viliendeshwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini ile ilizungusha mhimili mmoja mrefu wa chuma uliopita darini, na kila mashine ilishuka mkanda wake kutoka kwenye mhimili huo. Aliyewahi kukaa karibu na mashine ya kusaga posho ananielewa: ule mkanda unaopiga kelele, fikirieni mia, chumba kizima. Kwa sababu nguvu inapotea njiani, mashine zenye njaa ziliwekwa karibu na injini, hata kama kazi yenyewe haikutaka hivyo. Majengo yakawa ya ghorofa ili mhimili usiwe mrefu mno.

Mwaka 1882 Edison anawasha kituo chake cha Pearl Street, New York. Umeme upo. Wenye viwanda wakafanya nini? Wengi walitoa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa pale pale ilipokuwa, wakaiunganisha kwenye mhimili ule ule. Mikanda ile ile, kelele ile ile. Faida ikawa kiduchu, na watu wakauliza huo umeme una maana gani. Ilichukua mpaka miaka ya 1920 ndipo viwanda vingi vikaelewa kwamba kila mashine inaweza kuwa na mota yake ndogo, kwa hiyo mhimili hauhitajiki, ghorofa hazihitajiki, na mashine zinaweza kupangwa kwa jinsi kazi inavyotembea. Hapo ndipo uzalishaji ukaruka. Miaka arobaini, na umeme ulikuwepo muda wote.

Tableti yako ya getini ni mota iliyofungwa kwenye mhimili wa kaunta buku.

Dada_Wakala

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Na mimi ninao mfano wa mhimili uliotolewa kweli, kwa sababu ulinitoa na mimi.

Nilikuwa wakala wa forodha hapa Malaba. Kabla ya 2014 mzigo unakuja kutoka Mombasa chini ya dhamana, unafika mpakani, sisi ndio tunaandika tamko la forodha, mteja analipa kodi, lori linasubiri. Siku zinapita, wakati mwingine wiki. Mji mzima uliishi kwa kusubiri huko: gesti, mama ntilie, wauza kadi za simu, makuli, sisi mawakala na vibanda vyetu vya fotokopi. Kompyuta zilikuwepo. Tulikuwa tunaingiza matamko kwenye mfumo wa URA miaka yote hiyo, na lori lilikuwa linasubiri vile vile.

Halafu ikaja Himaya Moja ya Forodha. Hawakubadilisha skrini tu. Walihamisha kazi yenyewe. Tamko la Uganda likawa linafanywa na kodi inalipwa mzigo ukiwa bado bandarini Mombasa, na maofisa wa URA wakapelekwa kukaa huko huko. Lori likifika Malaba linakaguliwa karatasi zake na kupita. Safari iliyokuwa inakula zaidi ya wiki mbili ikawa ya siku chache. Hata wanaoilaumu hawabishi kwamba ilifanya kazi.

Na mimi kibanda changu nikakifunga. Wenzangu walioweza walihamia Mombasa, wengine Kampala. Nilikaa mwaka mmoja nauza chapati. Sisemi kwa uchungu, sasa niko sawa. Nasema kwa sababu mnazungumza mabadiliko yanayofaulu kama vile ni sherehe. Nilikuwa nje ya uzio nikiiangalia hiyo sherehe. Karani wenu anaweza kuwa hajui lugha ya semina, lakini kibanda kilichofungwa amekiona kwa macho yake, kiko mita mia mbili kutoka getini kwenu.

Mtu_wa_Yadi

Dada yangu, nadhani kibanda chako nakikumbuka, kile cha bluu karibu na mizani. Hili hatukuliwaza hata siku moja.

Mpita_Njia256

Nyie mnatafuta falsafa kwenye jambo rahisi. Umeme unakatika, bando ghali, mtandao unafungwa. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima siku tano. Pale nilipokuwa nafanya kazi mfumo wote ulikuwa kwenye seva za nje, tukakaa tunaangaliana kama kuku wa mvua. Baada ya hapo, Julai ya mwaka ule ule, data ikawekewa kodi ya asilimia 12. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zikakatika, tukarudi tena kuangaliana, na sisi hatuna bahari, tunategemea nyaya zinazoingilia Mombasa na Dar. Mpaka hayo yaishe, kaunta buku haina mpinzani. Haihitaji chaji.

Kijana_wa_Ntinda

Nusu nakubali. Mfumo wowote unaouzwa Uganda bila uwezo wa kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika na kujisawazisha ukirudi ni wizi, na mimi nimewahi kuuza wa hivyo, Mungu anisamehe. Lakini MoMo ilipigwa na hayo hayo na kodi juu yake, bado ipo.

Na kwenye umeme wa uhakika wanaanguka pia. Benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018, waliamua kuwahamishia wateja wote kwenye mfumo mpya wikendi moja. Hadi wateja milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Mkuu wa benki akaondoka mwaka huo huo, na 2022 wakapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Hakukuwa na mgao wa umeme London. Kulikuwa na watu waliopanga tarehe kwanza, majaribio baadaye.

Afande_Bombo

Bwana wa yadi, umeeleza wizi vizuri. Mmemalizaje?

Mtu_wa_Yadi

Afande, hatujamaliza. Lakini kuna kilichosogea, na kilianza kwa bahati tu.

Mwaka jana mzee aliugua malaria, akalazwa wiki moja. Nikaambiwa nikae getini mimi. Nikafungua kitabu nikidhani ni namba za magari, majina, saa ya kutoka, saa ya kuingia. Ndivyo nilivyokuwa nakinakili miaka yote. Safari hii nikaangalia pambizo. Kulikuwa na alama. Kiduara kidogo mbele ya jina la dereva. Mstari chini ya namba ya gari. Nyota. Na nukta tatu zimepangwa pembetatu. Kurasa kwa kurasa, kwa biro ile ile, kwa uangalifu wa mtu anayejua anachofanya. Mimi mhasibu mwenye diploma nilikuwa nimevipita vyote nikidhani mzee anachezea biro.

Siku ya pili nikapanga gari la Juba kwa dereva aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu. Skrini ilisema yuko huru, gari lake zima, leseni haijaisha. Akakataa. Hakunipa sababu. Nikaandika kwenye mfumo: amekataa kazi.

Jioni nikaenda hospitali na kitabu chini ya kwapa. Mzee akacheka mpaka dripu ikayumba. Akanisomea. Kiduara: dereva amechukua hela ya mbele, usimpe nyingine hata akilia. Mstari: gari hili breki zake dereva anazilalamikia ingawa fundi amesema ni nzima, usilipeleke kwenye milima. Nyota: mteja huyu hupokea mzigo mpaka saa sita mchana tu, ukichelewa dereva analala nao nje. Yote hayo yalikuwa ndani ya kitabu, na mfumo wa dola haukuwahi kuuliza hata moja. Na ukweli usemwe, baadhi ya viduara vilikuwa na kiduara kingine ndani yake, na hiyo alikataa kunieleza. Najua ni nini. Ni lita zake. Elimu na wizi viko kwenye pambizo moja, kwa mwandiko mmoja, na ukitaka kuchana kimoja unachana vyote.

Tulichofanya: nilikwenda kwa Hajji na hesabu ya lita zote za mwaka, nikamwambia pandisha mileji kwa nusu ya hizi, bado utabaki na faida. Alikasirika siku tatu. Siku ya nne akakubali. Sensa mpya zilizofungwa baada ya hapo hazijaingia maji mpaka leo, isipokuwa moja, na hiyo kweli ilikuwa mvua. Kijana aliyetengeneza mfumo aliitwa, safari hii akakaa getini na mzee wiki mbili, akaongeza sehemu ya kiduara, ya mstari na ya nyota. Mzee akalipwa posho ya kumfundisha, Mama wa Kikuubo ujue hilo. Na Hajji nilimwomba kitu kimoja tu: simu ya alfajiri aendelee kuipiga, ila amwambie mzee amsomee kwenye tableti. Wiki ya kwanza mzee alikuwa anasoma kitabuni na kudai ni tableti. Nilimsikia akifunua kurasa.

Matairi bado. Msiniulize matairi.

Mama_Kikuubo

Mwanangu, umetaja alama nne na mmeingiza tatu. Nukta tatu je? Na yule dereva aliyekataa Juba?

Mtu_wa_Yadi

Mama, una jicho la dukani.

Nukta tatu zilikuwa kwa madereva wanne. Mzee alishusha sauti, akaangalia kitanda cha jirani kwanza. Ni wale wenye siku ya kliniki kila mwezi, wanachukua dawa. Safari ya Juba ikikwama mpakani inaweza kula tarehe yao, kwa hiyo hawapangiwi Juba wiki ile. Kila mmoja alimwambia mwenyewe, kwa wakati wake, getini usiku. Hajji hajui. Meneja hajui. Kijana wa mfumo aliponiuliza alama ya nne ni nini, nilimwambia mzee alikuwa anajaribu biro.

Yale maandishi ya "amekataa kazi" niliyafuta siku ile ile.

Mzee amestaafu mwezi uliopita. Karani mpya ni binti wa miaka ishirini na saba, tableti anaiendesha kwa kidole kimoja. Siku ya kukabidhiana walifunga mlango wa kibanda kama nusu saa, wawili tu. Binti alipotoka alikuwa na kitabu. Bado kipo kwenye droo, na biro yake na uzi wake.

Juzi alipanga zamu za Juba. Niliangalia orodha, nikahesabu majina. Wale wanne hawakuwemo.